Walikufa au Waliuawa? Raia, Njaa ya Vita na Sarufi ya Dhamana katika Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Msomaji wa historia ya Tanzania hukutana mara nyingi na sentensi za aina moja zinapofikiwa kurasa za mwisho za Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kati ya 1905 na 1907. Husomeka kwamba njaa iliingia, kwamba chakula kiliharibika, kwamba vijiji vilitoweka na watu wengi walikufa. Kila moja ya sentensi hizo ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, zikiwekwa pamoja zinajenga picha ya msiba usio na mwenyewe, mfano wa ukame au nzige. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba picha hiyo si sahihi, na kwamba kosa lake haliko katika takwimu peke yake bali pia katika uteuzi wa kauli za vitenzi.

Eneo linaloangaliwa ni Nyanda za Juu Kusini, hususan majirani wa uwanda wa Usangu, ambako leo ipo Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya. Uteuzi huu una sababu. Usangu umepakana na Uhehe upande wa kaskazini-mashariki, na Ubena upande wa kusini-mashariki. Nyuma ya milima ya kusini ziko Ukinga na Upangwa. Aidha, Rujewa ni mahali panapoishi kwa mpunga na mfereji. Mkulima wa hapo hahitaji maelezo marefu ili aelewe maana ya ghala kuchomwa moto majira ya kupanda yanapokaribia.

Swali la msingi ni hili: jeshi linapoamua kwamba njia ya kumshinda mpiganaji ni kumnyima chakula mkewe, mtoto wake na mzee wake, je, vifo vinavyofuata ni athari za vita au ni mauaji? Wanafalsafa na wanasheria wamelijadili swali hilo kwa muda mrefu. Wanaisimu nao wana la kusema, kwa kuwa jibu huanza kutolewa pale mwandishi anapochagua kitenzi.

Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa

Kiswahili kina utajiri wa unyambulishaji unaokiwezesha kumtaja mtenda, kumficha au kumwondoa kabisa. Tuchukue jozi zifuatazo: kuharibika na kuharibiwa, kutawanyika na kutawanywa, kuteketea na kuteketezwa, kutoweka na kutoweshwa. Kitenzi cha kwanza katika kila jozi huarifu hali iliyotokea. Kitenzi cha pili huarifu tendo, na tendo lazima liwe na mtenda hata kama hakutajwa.

Kipimo chake ni chepesi. Inawezekana kusema "chakula kiliharibiwa na askari", lakini mzawa wa lugha atakataa "chakula kiliharibika na askari". Kauli ya kutendeka haina nafasi ya kumpokea mtenda. Atakubali "chakula kiliharibika kwa mvua", kwa sababu mvua ni chanzo tu, wala haiulizwi nia yake. Kwa hiyo mwandishi anayechagua kauli ya kutendeka hamsahau mtenda kwa bahati mbaya, amechagua umbo ambalo ndani yake swali "nani?" haliwezi kuulizwa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa maneno "kwa njaa". Katika "walikufa kwa njaa", kihusishi kwa kinaonyesha sababu, sawa na "walikufa kwa ndui". Katika "waliuawa kwa njaa", kihusishi kile kile kinaonyesha ala, sawa na "waliuawa kwa bunduki" au "kwa kamba". Neno njaa halikubadilika, wala kihusishi hakikubadilika. Kilichobadilika ni kitenzi, na kwa mabadiliko hayo njaa imehama kutoka kundi la maradhi na kuingia kundi la silaha.

Mjadala unaofahamika baina ya watumiaji wa lugha kuhusu maneno mwathirika na mwathiriwa unahusiana na jambo hili. Kwa kawaida mjadala huo huendeshwa kama suala la usanifu, au la tofauti ya mazoea kati ya Tanzania na Kenya. Lakini panapohusika vita, uteuzi huo una uzito mwingine. Mwathirika amefikwa na jambo. Mwathiriwa amefanyiwa jambo. Mtu aliyekumbwa na mafuriko na mtu aliyechomewa kihenge chake na askari hawako katika hali moja, na lugha yenye uwezo wa kuwatofautisha ina haki ya kutumiwa hivyo.

Usangu na majirani zake

Ili hoja isielee hewani, hapana budi kueleza hali ilivyokuwa. Wasangu, Wahehe, Wabena, Wapangwa na Wakinga wanazungumza lugha zilizo karibu sana. Guthrie aliziweka zote katika kundi la G60. Watu hawa walifahamiana, walioana na walipigana. Katika miaka ya 1870 Wahehe waliwasukuma Wasangu wa watawala walioitwa Merere kuelekea magharibi, na Wasangu hawakurejea Usangu ila katika miaka ya 1890, kwa msaada wa Wajerumani. Katika vita hivyo vya kabla ya ukoloni, ng'ombe walitekwa, wanawake na watoto walichukuliwa mateka, na chakula cha walioshindwa kililiwa na walioshinda. Kwa hiyo haitakuwa kweli kudai kwamba mateso ya wasiopigana yaliletwa na meli kutoka Ulaya.

Kilicholetwa ni jambo jingine, nalo ni utaratibu wa dola. Mnamo Agosti 17, 1891, jeshi la Wahehe lilikishinda kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo, karibu na Iringa, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wajerumani walirudi na kuiteka ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa aliponyoka, na kwa karibu miaka minne akawindwa hadi alipojiua Julai 19, 1898. Katika msako huo, zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayefanikisha kupatikana kwake, na waliomsaidia kwa chakula na hifadhi waliadhibiwa. Hapo ndipo chungu cha mkulima kilipoanza kuhesabiwa kuwa kitu cha kijeshi. Mwanamke aliyempa chakula mtawala wake wa jana alitazamwa na dola kama mshiriki wa vita.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Kiswahili kilikuwemo katika utaratibu huo. Utawala wa Kijerumani ulikitumia kupitia maakida, majumbe na makarani, na kwa sehemu kubwa kilikuwa lugha ya mawasiliano kati ya maofisa na askari wao Waafrika. Mkulima wa Uhehe au Ubena, ambaye hakuwa na Kiswahili nyumbani kwake, aliisikia lugha hii kwanza kama lugha ya kodi na ya amri. Wanaoitukuza lugha hii kwa kuunganisha taifa, na wana haki ya kufanya hivyo, wanapaswa kuikumbuka sura hiyo pia.

Njaa kama sera

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 4 mwaka huo, lakini dawa ya maji ilikwisha kuenea. Mnamo Septemba 1905 Wabena walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe ya leo. Watawala wa Usangu hawakujiunga na uasi, na Wajerumani walipata wapiganaji wasaidizi, maarufu kama rugaruga, kutoka kwa watawala waliokuwa upande wao.

Mapigano ya ana kwa ana yalidumu kwa miezi michache. Wapiganaji waliokutana na bunduki za rashasha walijifunza haraka, wakaacha mashambulizi ya wazi na kuingia maporini na milimani. Hapo maofisa wa Kijerumani walibadili mbinu. Mnamo Oktoba 1905 Kapteni von Wangenheim alimwarifu Gavana Gustav Adolf von Götzen kwamba, kwa maoni yake, njaa na dhiki peke yake ndizo zingeleta utii wa mwisho, na kwamba mapigano ya kijeshi yangekuwa sawa na tone la maji baharini. Kapteni Richter, aliyekuwa Songea, naye ananukuliwa akisema kwamba, kama angeweza, angezuia hata upandaji wa mbegu. Götzen mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1909 baada ya kuondoka madarakani, alitetea uharibifu wa mali na vyakula vya wenyeji kama jambo lisiloepukika katika vita vya aina hiyo.

Maelezo haya yana uzito mkubwa katika kupima maadili ya tendo. Katika falsafa ya vita, tangu mafundisho ya Thomas Aquinas kuhusu kujihami yalipoendelezwa na waliomfuata, hutofautishwa madhara yanayokusudiwa na madhara yanayotabirika tu. Kamanda anayeshambulia ngome akijua kwamba nyumba ya jirani inaweza kuungua ana mzigo wa kujibu, lakini mzigo wake si sawa na wa yule anayeichoma nyumba hiyo ili aliyemo ngomeni akate tamaa. Kwa kipimo hicho, njaa ya 1905 hadi 1907 haikuwa madhara ya pembeni. Vihenge vilichomwa, mazao yalikatwa au kuchukuliwa na mifugo ikatwaliwa ili njaa itokee. Asiyepigana hakuumia kwa sababu alisimama karibu na shabaha. Yeye ndiye aliyekuwa shabaha.

Idadi ya waliokufa inatoa ushahidi wa namna yake. Makadirio rasmi ya Kijerumani yalikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyeshiriki katika utafiti wa masimulizi ya Maji Maji uliofanywa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alikadiria kati ya watu 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo. Kwa upande wa serikali, Wazungu waliokufa walikuwa 15, idadi inayojulikana kwa hakika. Pengo baina ya 75,000 na 300,000 haliwezi kuelezwa kwa udhaifu wa takwimu za wakati ule peke yake. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imeweza, tangu 1898, kuhesabu nyumba ili kutoza kodi. Watu walihesabiwa walipotakiwa kulipa, walipokufa hawakuhesabiwa.

Neno raia

Hapa inafaa kulichunguza neno raia. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuchunga; maana ya awali ni kundi linalochungwa, na kwa kupanuka kwa maana, watu walio chini ya mtawala. Katika Kiswahili cha leo neno hili lina maana mbili kuu. Kwanza, ni mtu mwenye haki na wajibu katika nchi fulani, kama katika raia wa Tanzania. Pili, ni mtu asiye askari, kama katika raia walionaswa katika mapigano.

Lugha nyingine nyingi hutumia maneno mawili tofauti kwa dhana hizo. Kiswahili kimeziacha ndani ya neno moja, na jambo hilo lina faida ambayo haijatumiwa vya kutosha katika mjadala wa maadili ya vita. Neno linamkumbusha mzungumzaji kwamba asiyebeba silaha ni mtu aliye chini ya ulinzi wa mwingine. Anayedai kuwa mtawala wake amejitwika dhamana ya mchungaji.

Kwa mtazamo huo, hali ya watu wa Ubena, Upangwa na Ungoni ilikuwa na ukinzani ambao utawala haukuwahi kuutatua. Wajerumani waliwaita waasi, na hakuna anayeweza kuwa mwasi ila aliye chini ya utawala. Kwa hiyo walikuwa raia kwa maana ya kwanza. Wengi wao, yaani wanawake, watoto, wazee na wanaume wasiopigana, walikuwa raia kwa maana ya pili pia. Hata hivyo, walipofanyiwa sera ya njaa hawakupewa ulinzi wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Kanuni za vita vya nchi kavu zilizokubaliwa The Hague mwaka 1899, ambazo zilikataza kuharibu mali ya adui pasipo ulazima wa kijeshi, zilichukuliwa kuwa mkataba baina ya mataifa yaliyotia sahihi. Vita vya makoloni viliachwa nje. Mkulima wa Njombe alikuwa raia wa kutosha kutozwa kodi, lakini hakuwa raia wa kutosha kuachiwa mbegu.

Sheria ilichelewa sana kuziba pengo hilo. Itifaki za Ziada za Mikataba ya Geneva za mwaka 1977 zilipiga marufuku kuwatesa raia kwa njaa kama mbinu ya vita, katika vita vya kimataifa na katika vita vya ndani ya nchi. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 ulilifanya tendo hilo kuwa kosa la jinai katika vita vya kimataifa, na marekebisho ya 2019 yaliongeza vita vya ndani kwa nchi zitakazoyaridhia. Kati ya barua ya Wangenheim na Itifaki hizo ilipita miaka 72.

Pingamizi mbili

Hoja hii inaweza kupingwa kwa namna mbili ambazo zinastahili kujibiwa.

Pingamizi la kwanza ni la kijeshi. Inaweza kusemwa kwamba wapiganaji wa Maji Maji hawakuvaa sare, walilala katika vijiji vyao na walikula chakula cha vijiji hivyo, kwa hiyo haikuwezekana kuwatenga na wasiopigana. Inaweza kuongezwa kwamba wapiganaji wenyewe waliwaua wasiobeba silaha. Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, wakiwemo masista wawili, waliuawa Agosti 1905 wakiwa safarini kuelekea bara. Tukio hilo ni la kweli na halipaswi kupunguzwa uzito. Lakini ugumu wa kutofautisha si ruhusa ya kuacha kutofautisha. Aidha, sera ya njaa haikutokana na kushindwa kuwatambua wapiganaji. Ilijengwa juu ya utambuzi kamili kwamba mpiganaji ana familia, na kwamba familia ni rahisi kufikiwa kuliko yeye.

Pingamizi la pili ni la kiisimu na kijamii, nalo ni gumu zaidi. Wazee wengi wanaposimulia husema wenyewe kwamba njaa iliingia. Je, mtaalamu ana haki gani ya kuwasahihisha waliorithi maumivu? Jibu ni kwamba hapana haja ya kuwasahihisha. Rugaruga walioshiriki kuchoma vihenge walikuwa Waafrika, na baadhi walitoka kwa majirani. Wajukuu wa pande zote leo wanauziana mchele sokoni Rujewa, wanasali pamoja na kuozana. Katika jamii ya namna hiyo, kauli isiyomtaja mtenda inaweza kuwa busara ya kuishi. Utani baina ya makabila yaliyowahi kupigana ni mfano mwingine wa busara hiyo.

Lakini anayesimulia barazani na anayeandika kitabu cha kiada hawana wajibu mmoja. Wa kwanza analinda ujirani. Wa pili anafundisha watu ambao hawana njia nyingine ya kujua. Tena, kumtaja mtenda kwa usahihi kunalinda ujirani kuliko kunyamaza, kwa sababu kunaonyesha wazi kwamba rugaruga hakuwa mwenye sera. Sera iliandikwa, ikasainiwa na ikatetewa kitabuni na watu wenye vyeo. Ukimya huwafanya wote wawe washukiwa kwa kiwango kimoja.

Ni kweli pia kwamba si kila kifo cha miaka ile kilitokana na amri. Yapo maradhi, na upo uhaba wa mvua, ambavyo mwanahistoria anapaswa kuvitenga kwa uangalifu. Kauli ya kutendeka ina mahali pake. Kinachokatazwa ni kuitumia pale ambapo ushahidi wa tendo upo.

Amri inayowezekana

Huenda ikadhaniwa kwamba vita ni vita, na kwamba hakuna jeshi lililowahi kufanya vinginevyo. Historia ya Tanzania yenyewe ina mfano unaofaa kutazamwa bila kujipendelea. Mnamo Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, yakawaua raia na kupora mali. Jeshi la Tanzania lilipovuka mpaka na kuuteka mji wa Mutukula Januari 1979, baadhi ya askari walilipiza kisasi kwa raia wa Uganda. Rais Nyerere alipopata habari alichukizwa, akaamuru raia na mali zao wasidhuriwe. Amri hiyo haikumaliza tatizo. Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya mwezi uliofuata.

Mfano huu haukusudiwi kuisifu nchi moja na kuilaumu nyingine. Unaonyesha mambo mawili. Kwanza, kiongozi anaweza kuwatambua raia wa nchi ya adui kuwa ni raia, na kuliandika hilo katika amri. Pili, amri isiyofuatiliwa hadi kwa askari wa mwisho haimlindi mwenye nyumba. Sentensi "Masaka iliharibiwa" ina mtenda wake pia, na uadilifu wa kisarufi unadai atajwe hata anapokuwa wa upande wa mwandishi.

Hitimisho

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wa mahali hapo. Hayo yanaweza kujadiliwa kwa pande nyingi, ikiwemo fidia na urejeshwaji wa mabaki ya waliouawa. Kiisimu, lililo muhimu ni kwamba ombi hilo lilikuwa na mtenda, tendo na mtendwa. Hakusema kwamba msiba ulitokea. Miaka 114 baada ya kitabu cha Götzen, dola iliyotenda imekubali kuwa kiima cha sentensi yake yenyewe.

Itakuwa ajabu iwapo lugha ya waliotendwa itaendelea kuandika kana kwamba hakuna aliyetenda. Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili na wa historia ni ya kawaida, na inaweza kuanza na kitabu chochote cha kiada kilicho karibu: kupitia kila sentensi yenye kuharibika, kutoweka na kufa, kuuliza ushahidi unasema nini kuhusu mtenda, na kuandika upya pale ushahidi unapotosha. Kazi hiyo ifanyike kwa Maji Maji, kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambao Kariakoo ya Dar es Salaam inabeba jina la kikosi chao, kwa Kagera, na kwa vita vinavyoendelea mashariki ya Kongo, ambako wazungumzaji wa Kiswahili bado wanakimbia makwao. Katika habari za vita hivyo husemwa kila siku kwamba watu wametawanyika. Mwanafunzi makini hana budi kuuliza: wametawanywa na nani?